Tairi la Akiba katika Gari Jepesi la Michezo

Magari mepesi ya michezo mara nyingi huuzwa bila tairi la akiba. Mazda MX-5 ya kwanza, ya mwaka 1989, ilibeba tairi dogo la akiba ndani ya buti. Ile ya mwaka 2015 huja na dawa ya kuziba pancha na pampu ya upepo, ili kupunguza uzito na kuokoa nafasi.

Dawa hiyo huziba tundu dogo la msumari kwenye uso wa tairi. Haizibi ubavu uliochanika, wala haitegemewi muda wake ukiisha. Kwa hiyo tunamshauri mnunuzi apime safari zake. Anayezunguka mjini, karibu na mafundi, dawa yamtosha. Anayesafiri mbali, hasa usiku, na abebe tairi linalolingana na gari lake, pamoja na jeki na spana, vyote vikiwa vimefungwa imara. Akumbuke pia kwamba tairi lililotobolewa litahitaji mahali pa kuwekwa, na kwamba kwa tairi dogo la akiba mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa.

Kabla ya kulipa, mnunuzi afungue buti mbele ya muuzaji.