Somo la Familia: Daftari Moja

Akila na mkewe Prisila walishona mahema pamoja kule Korintho (Matendo 18:1–3). Leo hapa Marekani wapo wanandoa wetu wanaouza viatu vya mitumba kupitia eBay. Ugomvi huanzia wapi? Mume anahesabu mauzo, mke anaona akaunti tupu.

Jozi iliyonunuliwa dola 10 ikauzwa 30 haijaleta faida ya 20. Toeni kwanza ada ya mtandao, posta na boksi. Kiatu kikiwa na doa, pigeni picha ya doa. Faida ya mwaka ikifika dola 400, sheria inawataka mjaze fomu za kodi.

Andikeni yote kwenye daftari moja, mlisome pamoja kila Jumamosi.

Swali la nyumbani: Je, mwenzako ameliona daftari lako?