Mtumbwi wa kwanza: nianzie wapi?

Swali: Fundi, mimi ni seremala wa vitanda hapa Nyakiyumbu. Nataka kujitengenezea mtumbwi wa mbao nyumbani, niutumie kuvua Ziwa Edward. Nianzie wapi?

Jibu: Ndugu seremala, anzia kwa afisa wa uvuvi, si kwa muuza mbao. Chombo cha kuvulia kinahitaji leseni, na ukubwa wake hukaguliwa.

Ukiruhusiwa, chagua mbao. Mvule hudumu majini lakini ni ghali. Musizi ni mwepesi, ila huoza upesi. Zipange kivulini, ukitenganisha kwa vijiti hewa ipite. Mbao mbichi husinyaa baadaye na kuachia nyufa.

Laza mkuku, simamisha mataruma, kisha panda na mbao za ubavuni kutoka chini. Toboa kabla ya kupigilia msumari, hasa karibu na ncha, mbao isipasuke. Kwenye maungio shindilia pamba. Hutaikosa, maana wilaya yenu ya Kasese huilima kwa wingi.

Kabla ya kuushusha mtumbwi majini, uinue juu ya magogo, umimine maji ndani. Panapovuja, tia alama ya chaki, ukalafati upya. Safari ya kwanza vaa jaketi okozi, usiende mbali, na viboko uwapishe.