Masomo ya Kiingereza: Neno “Kuliko” na Hatari Zake katika Mtihani

Katika karatasi nyingi za mtihani wa Kiingereza huonekana swali la namna hii: “Juma is ____ than Ali.” Chini yake yamepangwa majibu manne, nayo ni “tall”, “taller”, “more taller” na “tallest”, na mtahiniwa hutakiwa achague moja tu. Swali ni fupi, na kanuni yake imekwisha kuandikwa ubaoni mara nyingi. Hata hivyo watoto wenye akili hulikosa, na walimu wao hushangaa. Katika mtihani wa KCPE, uliofanywa nchini Kenya tangu 1985 hadi 2023, maswali ya kuchagua jibu moja katika manne yalikuwa mengi, na alama moja au mbili ziliweza kumtenga mtoto na shule aliyoitamani. Yafaa, basi, kutazama kosa hilo latoka wapi.

Latoka katika Kiswahili chenyewe. Mswahili asema, “Juma ni mrefu kuliko Ali.” Neno “mrefu” halikubadilika hata kidogo, lingalikuwa lile lile hata kama Ali asingalitajwa. Kazi yote ya kulinganisha imebebwa na “kuliko”. Na mtu akisema, “Juma amshinda Ali kwa urefu,” neno la sifa limeondoka kabisa, na mahali pake pamekaa kitendo. Lugha nyingi za Kibantu hufuata njia hiyo hiyo. Kwa hiyo mtoto anapoandika “Juma is tall than Ali” amefasiri kwa uaminifu, neno kwa neno: “than” amelifanya kuwa “kuliko”, akaliachia mzigo wote.

Kiingereza hakikubali. Katika lugha hiyo neno la sifa lenyewe hupanda daraja. “Tall” ni daraja ya kwanza, “taller” ni ya pili, “tallest” ni ya tatu. Na “than” huja nyuma ili kumtaja tu yule anayelinganishwa.

Mtoto akisha sahihishwa hapo, huingia katika kosa la pili, ambalo ni kama kulipa deni moja mara mbili. Amesikia kwamba “more” maana yake ni “zaidi”, na katika Kiswahili hakuna anayemkataza kusema “mrefu zaidi kuliko Ali”. Basi huandika “more taller”. Ameweka alama mbili mahali pa moja, naye mtahini humkata. Lakini mwalimu asimcheke mwanafunzi huyo, maana amekosa pamoja na wakubwa. William Shakespeare, katika tamthilia ya Julius Caesar, ile ambayo tafsiri yake ya Kiswahili iliyofanywa na Mwalimu Julius Nyerere ilichapishwa mwaka 1963, alitumia “most” pamoja na neno ambalo tayari lina “-est”, wala hakuna aliyemwona mjinga. Ni baadaye, mwaka 1762, ndipo Robert Lowth, padre aliyekuja kuwa Askofu wa London, alipotoa kitabu chake cha sarufi na kuandika kwamba kurudufisha hivyo hakufai. Wafundishaji waliomfuata walishikilia jambo hilo, na watahini wa leo wangali wakilishikilia.

Basi neno lipi huongezwa “-er”, na lipi hutanguliwa na “more”? Maneno mafupi yenye silabi moja huongezwa “-er”: “short”, “shorter”, “cheap”, “cheaper”. Yale ya silabi mbili yanayoishia kwa “y” hufuata njia hiyo, na “y” hugeuka “i”: “heavy”, “heavier”, “happy”, “happier”. Maneno marefu hutumia “more”: “more beautiful”, “more difficult”. Katikati yake pana maneno kadhaa ya silabi mbili, kama “clever”, “simple” na “narrow”, ambayo hupokea “-er” bila taabu. Machache hayafuati kanuni yoyote, nayo ni ya kukariri tu: “good” huwa “better” na “best”, “bad” huwa “worse” na “worst”, “little” huwa “less” na “least”, “much” na “many” huwa “more” na “most”.

Katika kuandika, herufi ya mwisho hurudiwa ikiwa mbele yake pana vokali moja tu iliyo fupi: “big” huwa “bigger”, “hot” huwa “hotter”, “thin” huwa “thinner”. “Cheap” ina vokali mbili, kwa hiyo “p” hairudiwi. Na “thick” tayari ina konsonanti mbili mwishoni.

Katika kusema pana jambo moja ambalo sikio la Mswahili hulitambua upesi kuliko masikio ya wageni wengi. Neno “long” huishia kwa sauti ile iliyo mwanzoni mwa “ng’ombe”. Likiwa “longer”, sauti hubadilika, ikawa ile ya “ngoma”. Ndivyo ilivyo pia kwa “strong” na “stronger”, “young” na “younger”. Lakini “singer”, yaani mwimbaji, hubaki na sauti ya “ng’ombe”, kwa kuwa neno hilo halina ulinganisho ndani yake.

Sasa itazamwe daraja ya tatu, maana hapo ndipo penye mitego iliyofichwa vizuri. Kiswahili hakina daraja hiyo. Mtu husema “mrefu kuliko Ali” na “mrefu kuliko wote” kwa neno lile lile, na msikilizaji huelewa. Pia huulizwa, “Nani mkubwa zaidi?” wakiwa watoto ni wawili au kumi. Kiingereza cha mtihani huhesabu kwanza. Wakiwa wawili, ni daraja ya pili. Wakiwa watatu au zaidi, ni daraja ya tatu. Kwa hiyo, “Of the two roads, this is the longer”, na “Of the three roads, this is the longest”. Mtahiniwa akiona “the” mbele ya pengo hudhani kwamba lazima jibu liwe na “-est”, kwa sababu alifundishwa kwamba “the” huenda na daraja ya tatu. Na atafute hesabu iliyofichwa katika sentensi: “the two”, “twins” yaani pacha wawili, “parents” yaani baba na mama, au mikono ya mtu. Kweli, Waingereza wengi wakizungumza nyumbani husema “the best of the two” bila kuona vibaya. Lakini chumba cha mtihani si mahali pa kubishana nao.

Mfano wa milima huonyesha mambo mengi kwa mara moja. Kilimanjaro una kimo cha mita 5,895, Mlima Kenya mita 5,199, na kilele kirefu cha Ruwenzori mita 5,109. Mwanafunzi akiandika “Mount Kenya is higher than any mountain in Kenya” hakuna neno lililoandikwa vibaya, na walimu wengine huweka alama ya kusahihisha bila kutua. Lakini sentensi hiyo haiwezekani. Mlima Kenya nao ni mlima ulioko Kenya. Sentensi yasema kwamba umejizidi wenyewe kwa urefu. Lazima liingizwe neno “other”: “Mount Kenya is higher than any other mountain in Kenya.” Je, ikiandikwa “Kilimanjaro is higher than any mountain in Kenya”? Hiyo ni sahihi kabisa, wala “other” halitakiwi, maana Kilimanjaro uko Tanzania, haumo katika kundi la milima unayolinganishwa nayo. Kwa hiyo mtahiniwa hawezi kulijibu swali hili kwa sarufi peke yake. Yampasa ajue pia kitu hicho kimo ndani ya kundi au kiko nje. Katika Kiswahili neno “mwingine” lafanya kazi hiyo hiyo, “mrefu kuliko mlima mwingine wowote wa Kenya”, bali watu huliacha wakiwa na haraka, na tabia hiyo ya kuliacha huwafuata mpaka katika Kiingereza.

Milima hiyo hiyo yafaa kwa maswali ya kuandika sentensi upya, ambayo hutokea katika mtihani wa KCSE, ulioanza mwaka 1989. Mtahiniwa hupewa “Kilimanjaro is the highest mountain in Africa”, kisha huagizwa aanze na maneno “No other”. Jibu ni “No other mountain in Africa is as high as Kilimanjaro”, au “is higher than Kilimanjaro”. Maana haikuguswa, madaraja ndiyo yaliyobadilishana mahali. Wengi hukosa kwa kuandika “No other mountain is highest than Kilimanjaro”, kwa kuwa wameogopa kulitupa neno la kwanza walilopewa. Wengine huchanganya “as” na “than” katika sentensi moja. “As high as” ni “mrefu sawa na”. Ikianza “as”, sharti ifungwe kwa “as”.

Pana mahali ambapo Kiswahili hakimdanganyi mwanafunzi, bali humwokoa, nalo ni jambo lisilosemwa vya kutosha darasani. Mtahini huandika, “The streets of Old Mombasa are narrower than Nairobi,” akataka kosa lionyeshwe. Kosa ni kwamba njia zimelinganishwa na mji mzima. Mwanafunzi na aifasiri sentensi hiyo kwa Kiswahili: “Njia za Mombasa ya kale ni nyembamba kuliko za Nairobi.” Ulimi wake hautakubali kuiacha ile “za”. Basi “za” hiyo ndiyo “those of” ya Kiingereza, na ikiwa kitu ni kimoja huwa “that of”. Vivyo hivyo, aliyezoea “kadiri alivyofanya kazi ndivyo alivyopata” hana sababu ya kuogopa “The harder he worked, the more he earned.” Mwenendo wa sentensi zote mbili ni mmoja.

Lakini kuna “kuliko” nyingine ambazo Kiingereza hakizifasiri kwa “than”. Mtu asema “napenda chai kuliko kahawa”, naye huandika “I prefer tea than coffee”. Ilimpasa aandike “to coffee”. Maneno “senior”, “junior”, “superior” na “inferior” nayo hufuatwa na “to”. Yametoka katika Kilatini yakiwa yamekwisha kupanda daraja ya pili huko huko, kwa hiyo “more superior” ni deni lililolipwa mara mbili kama lile la “more taller”. “Less” na “fewer” hazina shida: “less sugar” kwa kisichohesabika, “fewer bags” kwa vinavyohesabika.

Neno “mkubwa” lina hatari yake. Katika Kiswahili kaka mkubwa aweza kuwa mfupi na mwembamba kuliko mdogo wake, wala hakuna asiyeelewa. Kiingereza hutenganisha umri na mwili. Aliyemzidi mwenzake kwa miaka ni “older”. “Bigger” hueleza mwili. Tena pana “elder”, litumiwalo kwa watu wa jamaa moja: “my elder brother”. Hilo halifuatwi na “than” kamwe. Husemwa “He is older than I am,” wala si “elder than”.

Na baada ya “than”, je, liwe “I” au “me”? Katika sentensi nyingine tofauti hiyo hugeuza maana. “She likes him more than I” ni “ampenda kuliko ninavyompenda mimi”. “She likes him more than me” ni “ampenda yeye kuliko anavyonipenda mimi”. Mtu akiandika barua ya posa kwa Kiingereza, herufi hizo chache zaweza kumletea matata makubwa kuliko ya mtihani. Njia ya salama ni kuimalizia sentensi: “more than I do”, au “more than she likes me”.

Msomaji apendaye kujipima na afunike mistari inayofuata hapa chini, kisha asahihishe sentensi hizi nne: “This road is more better than that one.” “Of the two sisters, Amina is the tallest.” “Our headmaster is senior than yours.” “The rains of April are heavier than August.”

Katika ya kwanza “more” hutupwa, maana “better” imekwisha kupanda. Katika ya pili dada ni wawili, basi ni “the taller”. Ya tatu hutaka “senior to”. Katika ya nne mvua imelinganishwa na mwezi. Mswahili angalisema “kuliko za Agosti”, na kwa Kiingereza ni “heavier than those of August”.