Dondoo Muhimu: Mahindi ya Mwaka Mzima

Anika mahindi juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo mtupu. Unyevu na udongo hualika ukungu, na ukungu huzaa sumukuvu, ambayo haitoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Punje zilizooza au kubadilika rangi zitupe. Usiwape hata kuku.

Ukavu usiukisie kwa meno peke yake. Chukua chupa ya glasi kavu yenye kifuniko, jaza mahindi hadi theluthi, ongeza kijiko kikubwa cha chumvi iliyokauka vizuri. Tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Ikianguka chini yote, unaweza kuhifadhi.

Dumuzi hutoboa hata gunia zuri, lakini bila hewa hufa. Ndiyo maana mifuko isiyopitisha hewa, yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya kiroba, inastahili bei yake. Kagua matundu kwanza. Jaza ukishindilia, kamua hewa, sokota mdomo wa kila tabaka, ukunje na kuufunga kwa kamba imara. Panga juu ya chaga, mbali na ukuta.

Usifungue kila siku kuchota. Fungua mfuko mmoja, umalize, ndipo uguse mwingine.