Jina Kando ya Mshono: Je, Furaha ya Kuchapishwa ni Majivuno?

BARUA

Msomaji mmoja, mwanamke mzaliwa wa Tanga anayeishi katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, ameiandikia safu hii kuhusu furaha ambayo, kwa maelezo yake, imegeuka kuwa mzigo. Alijifunza kushona mifarishi ya viraka katika kikundi cha wanawake wa mtaani kwake, wengi wao wakiwa wazee, kisha akabuni mfarishi wa vipande vya kanga alizotoka nazo nyumbani na kuutuma kwa jarida moja la washonaji. Jarida hilo liliuchapisha pamoja na jina lake, picha yake, na maelekezo ya ushonaji aliyoyaandika mwenyewe hatua kwa hatua. Furaha yake ilikuwa kubwa hata akawa analala na nakala ya jarida kando ya mto, naye akaituma picha ya ukurasa ule kwa ndugu zake wote.

Majibu aliyoyapata yalimvunja moyo. Dada yake mkubwa alimwambia kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, akamtahadharisha kuhusu riya na kijicho cha watu, na binamu yake akaongeza kwamba kuonekana ukishona viraka ni kuutangaza umaskini wa ukoo mzima. Zaidi ya hayo, bibi mmoja wa kikundi, ambaye ndiye aliyemfundisha namna ya kukutanisha pembe za vipande zisipishane, hakutajwa popote katika makala ile, na tangu jarida litoke msomaji huyu haoni raha kukaa naye meza moja. Anauliza kama yampasa kuiondoa picha aliyoituma, kuacha kupeleka kazi zake majaridani, na kuihesabu furaha yake kuwa ni majivuno.

JIBU

Furaha ya msomaji huyu ni halali, picha haina sababu ya kuondolewa, na kazi zake zinastahili kuendelea kutumwa. Hata hivyo, furaha hiyo haitatulia moyoni mwake mpaka deni la jina, ambalo yeye mwenyewe ameliona kabla ya kuambiwa na mtu, lilipwe kwa mwalimu wake.

Ili uzito wa jambo lenyewe ueleweke kwa ndugu walioko nyumbani, inafaa kueleza kwanza kazi hii ni kazi gani. Mfarishi wa viraka ni tandiko au shuka nene lenye tabaka tatu: uso wa juu uliounganishwa kwa vipande vingi vya kitambaa, pamba laini inayolazwa katikati, na bitana inayofunika upande wa chini, zote tatu zikishikamanishwa kwa mishono inayopenya kutoka juu hadi chini na ambayo yenyewe huchora nakshi. Uso wa juu kwa kawaida hujengwa kwa miraba, na kila mraba hushonwa peke yake kabla ya kuunganishwa na wenzake, jambo linalodai vipimo visivyoyumba. Washonaji wa Marekani huacha robo inchi ya kitambaa nje ya kila mshono, na upotofu wa sehemu moja tu ya 16 ya inchi kwa kila mshono, ukirudiwa katika mishono 12, hufikia robo tatu ya inchi, kiasi kinachotosha kuufanya mraba usikae sawa na jirani yake. Mtu aliyeiweza kazi hii kwa kanga, ambazo huja na dondo, yaani wanga unaokikaza kitambaa kipya, na ambazo nyingine hutoa rangi zikifuliwa, ameonyesha uvumilivu na akili ya hesabu pamoja na jicho la rangi.

Kuchapishwa kwa kazi ya namna hii ni zaidi ya kuonekana kwa sura ya mtu katika jarida. Maelekezo yaliyochapishwa humwezesha mtu asiyemfahamu mbunifu, na ambaye pengine hatakutana naye maishani, kukata kitambaa chake mwenyewe na kuzaa upya mpango uliofikiriwa na mwingine. Mwanamke wa Tanga akiandika namna ya kuupanga mji wa kanga, yaani sehemu ya kati ya nguo, na pindo, yaani ukanda unaoizunguka, ndani ya mraba wa mfarishi, huwa amegeuka kutoka mwanafunzi na kuwa mwalimu wa watu asiowajua, na furaha inayotokana na kugundua kwamba ujuzi wa mikono yake una manufaa kwa wengine haipaswi kuwekwa fungu moja na furaha ya kujitazama kwenye kioo.

Ipo pia sababu ya kihistoria ya kuithamini furaha hii, nayo ni kwamba sehemu kubwa ya kazi za mikono za wanawake imepita duniani bila jina. Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani katika jimbo la Georgia mwaka 1837 na kufariki mwaka 1910, alishona mfarishi wenye matukio ya Biblia kwa kukata vitambaa katika maumbo ya watu na wanyama na kuvishonea juu ya kitambaa kikubwa, akauonyesha katika maonyesho ya pamba mjini Athens, katika jimbo hilohilo, mwaka 1886. Mwalimu wa sanaa aitwaye Jennie Smith alitaka kuununua, Powers akakataa. Miaka michache baadaye dhiki ilimlazimisha kumuuzia Smith mfarishi huo, akaomba dola 10, akapokea dola 5. Mnunuzi yule, hata hivyo, aliyaandika maelezo ya Powers kuhusu kila sehemu ya kazi yake, na kwa sababu ya maandishi hayo mfarishi huo, uliohifadhiwa leo katika makumbusho ya Smithsonian jijini Washington, unasomeka kama simulizi ya mtu anayejulikana. Mfarishi wake mwingine umo katika makumbusho ya sanaa ya Boston, nayo hiyo miwili ndiyo pekee inayojulikana kuwa imesalia kati ya kazi zake.

Pwani ya Afrika Mashariki inaufahamu upotevu huo kwa namna yake yenyewe. Kanga, ambayo hubeba maneno yanayosomwa na kila anayepishana na mvaaji, hutambulishwa kwa alama ya mfanyabiashara aliyeitoa, kama zile za duka la Kaderdina la Mombasa lililoanza mwaka 1887, lakini jina la aliyeichora au aliyeyatunga maneno yake haliandikwi juu ya nguo. Kofia za viua, ambazo mtobo wake huweza kuchukua majuma mengi ya kazi ya sindano, na mikeka ya ukili iliyosukwa kwa rangi zinazopangika kama shairi, huuzwa sokoni bila mnunuzi kuuliza ni mikono ya nani iliyozitengeneza. Katika ulimwengu wa aina hiyo, jina la mwanamke wa Tanga lililochapishwa kando ya mshono wake ni jambo la kupokewa kwa shukrani na ukoo wake wote, kwa kuwa limevunja, japo katika kazi moja, desturi ndefu ya ukimya.

Kauli ya binamu kuhusu umaskini ina chanzo kinachoeleweka, maana kiraka katika nguo ya Mswahili kimekuwa kwa muda mrefu dalili ya mtu aliyekosa uwezo wa kununua nguo nyingine, na mtu aliyekulia katika hali hiyo hapendi kukumbushwa. Ukweli ni kwamba hata Marekani mifarishi mingi ilizaliwa na ufukara. Katika kijiji cha Gee's Bend, kwenye kona ya mto Alabama, wanawake waliotokana na watu waliotumikishwa katika shamba la pamba walishona matandiko kwa nguo kuukuu za kazi ili watoto wasife kwa baridi, na mwaka 1942 Missouri Pettway aliukata na kuuunganisha mfarishi kutoka kwa nguo za kazi za mumewe aliyefariki, ili ajifunike kwa upendo wake. Mwaka 1966 baadhi ya wanawake wa eneo hilo walianzisha ushirika uliojulikana kama Freedom Quilting Bee ili kuuza kazi zao. Mwaka 2002 makumbusho ya sanaa ya Houston yaliandaa maonyesho makubwa ya mifarishi ya kijiji hicho. Na mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu zenye picha za mifarishi hiyo. Kentucky yenyewe, anakoishi msomaji huyu, ina makumbusho ya kitaifa ya mifarishi katika mji wa Paducah, mji ambao UNESCO iliuingiza mwaka 2013 katika mtandao wake wa miji ya ubunifu kwa ajili ya ufundi na sanaa za jadi. Umaskini uliwapa wanawake wa Gee's Bend malighafi, lakini uamuzi wa kuweka buluu iliyopauka kando ya nyekundu ulikuwa wao, na heshima waliyoipata inatokana na uamuzi huo. Binamu akielezwa hivyo kwa upole, bila kukejeliwa, huenda akaona kwamba ukoo haukuaibishwa.

Maneno ya dada mkubwa yanahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa yanatoka kwa mtu anayempenda na yamebeba hekima ya kweli. Methali ya mgema humlaumu fundi anayeharibu kazi kwa kulewa sifa, na fundi anayeifurahia sifa huku tembo lake likibaki safi hamo katika lawama hiyo. Kwa hiyo jibu linaloiheshimu methali ni kuendelea kuziosha kanga kabla ya kuzikata ili dondo itoke na rangi ijulikane kama itatulia, kuupima kila mraba kabla ya kuuunganisha, na kuufumua mshono ulioharibika hata kama kosa halitaonekana pichani. Kuhusu riya, yaani kutenda jambo, hasa ibada, ili kutazamwa na watu, mafundisho yanayofahamika pwani huitofautisha na kuidhihirisha neema kwa shukrani, na nia ndiyo inayoyatenganisha mambo hayo mawili. Mwanamke aliyewapelekea ndugu zake habari ya kheri ili wafurahi pamoja naye hajakosa adabu. Kijicho nacho kipo, na si haki kumcheka dada anayekihofia, lakini kinga yake haiwezi kuwa ni kuificha kila kheri, kwa sababu familia ambayo kheri hufichwa ndani yake huishia kukutana katika misiba tu.

Suala la mwalimu ndilo zito kuliko yote. Sheria ya hakimiliki, yaani haki ya mtunzi juu ya kazi yake, hailindi mbinu wala wazo. Nchini Marekani hulinda namna mahususi ambayo wazo limeelezwa, tangu linapowekwa katika umbo linaloshikika. Njia ya kukutanisha pembe za vipande ni mbinu, na hakuna mahakama itakayomdai msomaji huyu kwa kuitumia au kuieleza kwa maneno yake. Deni lake ni la adabu, na deni la adabu halifutwi na ukimya wa sheria. Msanii Faith Ringgold, aliyefariki mwaka 2024 baada ya kuifanya mifarishi yenye hadithi kuwa sanaa inayotambuliwa na makumbusho makubwa, aliutengeneza mfarishi wake wa kwanza, mwaka 1980, pamoja na mama yake, mbunifu wa mavazi Willi Posey, na historia ya sanaa huwataja wote wawili bila hadhi ya Ringgold kupungua hata kidogo.

Msomaji huyu anashauriwa kwenda kwa bibi yule akiwa na nakala ya jarida mkononi, amweleze waziwazi kwamba jina lake lilistahili kuwamo, na amwombe ruhusa ya kumtaja katika kila maelezo yatakayofuata. Akikubali, barua fupi kwa mhariri inaweza kuomba shukrani hizo zichapishwe katika toleo lijalo, na mfarishi wenyewe uongezewe lebo, ambayo ni kipande cha kitambaa kinachoshonewa upande wa bitana na kuandikwa kwa wino usiofutika jina la mshonaji, mwaka, mahali, na, katika hali hii, jina la aliyemfundisha. Asipopenda kutajwa, kwa kuwa wapo wazee wasiopenda majina yao yasambae, kuulizwa kwenyewe kutakuwa kumemheshimu. Si lazima kungoja aibu iishe ndipo aende, maana aibu ya namna hii huisha kwa kwenda.

Kabla ya kutuma kazi nyingine, ni vizuri pia ausome mkataba wa jarida kwa makini: kama amewapa haki ya kuchapisha mara ya kwanza tu au haki zote, kama anaruhusiwa kuyatoa maelekezo yale mahali pengine na baada ya muda gani, na nani atalipa gharama iwapo mfarishi uliotumwa kwa ajili ya kupigwa picha utapotea njiani. Furaha isiyosoma mkataba huweza kugeuka majuto, na mwanamke aliyepata jina kwa shida hana budi kulilinda.

Kuhusu dada yake, simu itafaa zaidi kuliko ujumbe wa maandishi, kwa sababu heshima na upole husikika katika sauti. Amwambie, “Shikamoo dada, methali yako nimeichukua,” kisha amweleze namna anavyozifua kanga, anavyopima, na anavyofumua, na amwombe amchagulie kanga za mfarishi unaofuata, ili dada awe mshiriki wa kazi badala ya mlinzi aliyesimama mlangoni. Wahenga waliosema chanda chema huvikwa pete hawakukitaka chanda kikatae pete yake. Msomaji huyu ameivaa kwa haki. Kilichobaki ni kuutuma mfarishi mwingine, wenye jina lake na jina la aliyemfundisha.