Tumbo la mwenye arosto

Huku kwetu pwani vijana wanaotumia heroini wapo, mjini na hata vijijini. Wakiikosa hupata arosto. Hupiga miayo, hutokwa kamasi na jasho, miguu huuma. Halafu tumbo husokota na kuharisha. Jirani husema, "Arosto hiyo, itaisha." Mara nyingi ni kweli. Leo tujifunze habari za siku ile ambayo si kweli.

Heroini ikiingia mwilini hugeuka kuwa mofini. Mofini haishiki kichwa peke yake. Hushika na utumbo, ikaulaza. Ndiyo maana mtumiaji hufunga choo. Humo utumboni mofini hupunguza kemikali moja inayoamrisha kazi. Utumbo nao haukubali, kila siku hujitahidi kuiongeza. Ni kama watu wawili wanaosukumana mlangoni. Wa nje akiondoka ghafla, wa ndani hutoka mbio na kuanguka. Huko ndiko kuharisha kwa arosto.

Sasa tazama kipindupindu. Mwaka 1959, Dakta Sambhu Nath De wa Calcutta, India, alichukua maji yaliyokuzwa vijidudu vya kipindupindu. Aliyachuja, vijidudu vyote vikatoka. Akayatia katika utumbo wa sungura. Utumbo ukajaa maji! Kumbe sumu peke yake yatosha. Baadaye wataalamu waligundua kwamba sumu hiyo huongeza kemikali ileile tuliyoitaja.

Basi utazitofautishaje? Arosto ya heroini huanza muda wa saa 6 hadi 12 baada ya dozi ya mwisho, tena huja na miayo na maumivu ya mwili. Kipindupindu hutoa choo kama maji ya mchele, kingi mno, na huweza kuua kwa saa chache. Lakini mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili. Kwa hiyo usibahatishe. Chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya sawasawa visivyo na kilima. Mnyweshe huku mnakwenda zahanati. Mkifika, mwambieni mganga kwamba anatumia heroini. Wazazi wengi huficha kwa aibu, na aibu hiyo humpotezea mgonjwa muda.

Anayetaka kuacha, ipo methadoni. Ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na sasa hutolewa hata Bombo, Tanga. Methadoni hushika palepale iliposhika mofini, ila huachia polepole. Aliyeacha kwa siku kadhaa asirudie kipimo chake cha zamani: mwili umeshakisahau, na pumzi huweza kukatika.