Mbunge Tunamtuma Kazi Gani?

Kila ukaribiapo uchaguzi, watu wetu hutoa mizani yao. Mgombea hupimwa kwa mabati aliyoyatoa shuleni, kwa ubani alioupeleka msibani, na kwa jezi alizowanunulia vijana wa mpira. Mizani hiyo yaweza kutuonyesha ni nani mwenye mfuko mzito. Haituonyeshi ni nani aifaaye kazi. Wala mtu hawezi kumchagua mtumishi vema asipoijua kazi yenyewe. Kwa hiyo yafaa tulitazame Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, tujue limeundwaje na lafanya nini.

HAKI ILIYOKUJA POLEPOLE

Kura tuliyo nayo haikuwako tangu zamani. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilipoundwa mwaka 1926, wajumbe wake wote waliteuliwa na serikali ya kikoloni, na Mwafrika hakuwamo hata mmoja. Waafrika wawili wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliingia mwaka 1945. Uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 ulikuwa wa kura tatu: kila mpiga kura alipaswa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, tena hakuruhusiwa kupiga kura ila mwenye kipato, elimu au cheo kilichotajwa na sheria. Leo raia aliyetimiza miaka 18 na kujiandikisha hupiga kura, isipokuwa wachache waliozuiwa na sheria. Na kura ya mkulima ni sawa na kura ya waziri.

NANI HUINGIA BUNGENI

Katiba ya mwaka 1977 yasema kwamba Bunge lina sehemu mbili, yaani Rais na Wabunge. Wabunge huingia kwa milango kadhaa. Walio wengi huchaguliwa majimboni, mtu mmoja kwa kila jimbo. Mwaka 2020 majimbo yalikuwa 264. Mshindi ni yule aliyepata kura nyingi kuliko wenzake, hata zisipofika nusu. Mathalani, wakigombea watatu, nao wakapata kura 40, 35 na 25 katika kila 100, yule wa 40 ndiye mbunge, ingawa 60 waliwataka wengine. Hivyo asemaye kwamba kura yake moja si kitu, na asome tena hesabu hiyo.

Wanawake wa viti maalumu hawapungui asilimia 30 ya Wabunge. Viti hivyo hugawiwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge, kila chama kwa kadiri ya kura zake. Watano hutoka katika Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, Rais aweza kuteua wasiozidi kumi, na Mwanasheria Mkuu yumo kwa cheo chake.

Mgombea sharti awe raia aliyetimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe amependekezwa na chama cha siasa. Hapo pana jambo la kuangaliwa: mchujo wa kwanza hufanyika ndani ya vyama. Mwanachama alalaye siku ile asishangae kesho akikuta majina yasiyompendeza.

KAZI ZAKE TATU

Ya kwanza ni kutunga sheria. Muswada husomwa mara ya kwanza bila mjadala, kisha hupelekwa kwenye kamati, ambako wananchi na wataalamu waweza kutoa maoni yao. Ukisomwa mara ya pili hujadiliwa, na Bunge zima hukaa kama kamati na kuupitia kifungu kwa kifungu, ndipo usomwe mara ya tatu. Hata hapo si sheria mpaka Rais aukubali. Akiukataa huurudisha pamoja na sababu zake; na Bunge likiupitisha tena kwa theluthi mbili ya Wabunge wote, na kumpelekea kabla ya miezi sita kwisha, yampasa Rais aukubali katika siku 21 au alivunje Bunge.

Ya pili ni fedha. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Ndiyo maana toka Aprili hata Juni Wabunge huwa Dodoma wakipima matumizi ya kila wizara. Lakini Katiba hairuhusu Bunge kushughulikia muswada wa kutoza kodi au kutumia fedha za Serikali ila Rais awe amependekeza kwa njia ya Waziri. Basi mgombea asemaye, "Nitawajengea hospitali," aahidi asichoweza kukitimiza peke yake. Aliwezalo ni kudai, kuhoji, kuwashawishi wenzake na kupiga kura. Mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo uko, kwa sheria ya mwaka 2009, lakini nao ni fedha za umma, wala si zawadi yake.

Ya tatu ni kuisimamia Serikali kwa niaba ya wananchi. Mbunge huwauliza Mawaziri maswali, huchambua ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, hupiga kura kumthibitisha Waziri Mkuu, na Bunge laweza kupiga kura ya kutokuwa na imani naye.

DENI LILILOKWISHA LIPWA

Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa ikaruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Mwezi Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu hivyo. Hukumu ile yafaa ikumbukwe, kwa maana aliyekununua hana deni kwako. Utamwuliza kwa uso gani habari ya muswada aliouunga mkono bila kuusoma, hali ulikwisha pokea kilo yako ya sukari? Tena aliyetumia fedha nyingi kuingia atatafuta namna ya kuzirudisha, na atakayezilipa ni mtoto akaaye sakafuni kwa kukosa dawati.

Nao wasimamizi wa uchaguzi wana wajibu usiopungua wa mpiga kura: kura ihesabiwe kama ilivyopigwa. Bila hayo, somo hili lote ni maneno matupu.

Wazazi, yazungumzeni haya na vijana wenu waliofikia umri wa kupiga kura. Mgombea ajapo, mwulizeni maswali ya kazi. Akiwa alikwisha kuwa mbunge, mwulizeni alihudhuria vikao vingapi. Kwa kuwa akosaye mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika hupoteza kiti chake. Mwulizeni alisema nini. Taarifa Rasmi ya majadiliano ya Bunge huandikwa kwa Kiswahili tunachokisoma sote. Wazee wetu walinyimwa haki hii wakaidai mpaka wakaipata. Sisi tulioirithi tusiiuze.